Mlango wa Ghala la Pilipili

Msiniulize nchi gani. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kwetu mtu haruhusiwi kulitaja jina la nchi akiwa amekaa. Sharti asimame, avue kofia na aelekee Ikulu, nami mguu unanisumbua. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina bendera mbili, moja ya siku za jua na nyingine ya siku za mvua, na kwamba ilikuwa ya mwisho katika pande zetu zote kuwaacha huru watumwa wake. Wageni hutucheka kwa hilo. Mheshimiwa Kilindo, Waziri wetu, amekwisha kuwajibu: wenzetu walikurupuka, sisi tulifikiri.

Tulifikiri muda mrefu kweli, hata wale tuliokuwa tukiwafikiria wakazeeka. Kisha siku moja nchi zinazotukopesha zikasema hazitatukopesha tena, na papo hapo tukagundua kwamba utumwa ni jambo baya. Tangazo likasomwa Alhamisi alasiri kwa tarumbeta: watumwa wote wa mashamba ya pilipili wako huru kuanzia sasa. Wakauliza, "Sasa twende wapi?" Mpiga tarumbeta hakuwa amepewa maelekezo juu ya hilo, kwa hiyo akapiga tarumbeta tena.

Hapo ndipo Serikali ilipoliona tatizo. Watu hawa hawakuwahi kufundishwa uhuru! Ukimpa mtu uhuru bila mafunzo anaweza kuutumia wote kwa siku moja, akaja kuomba mwingine. Ikaundwa Wizara ya Uhuru wa Polepole, Wizara ikafungua shule, nami nikapelekwa huko kuwa Afisa Mwangalizi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia, na sijisifu nikisema niliangalia vizuri sana.

*

Shule yenyewe, ambamo wanafunzi walisoma na kulala, ilikuwa ghala kuukuu la pilipili, mali ya Bwana Ghalibu. Bwana Ghalibu ndiye aliyekuwa akiwamiliki wanafunzi wetu wote, na kwa kuwa hakuna mtu aliyewafahamu kumshinda yeye, akateuliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule. Alivishwa pia Nishani ya Mkombozi, daraja la kwanza. Wenye chokochoko waliuliza kwa nini, wakajibiwa kwamba kama Bwana Ghalibu asingekuwa na watumwa, angepatikana wapi mtu wa kukombolewa? Nilipoisikia hoja hiyo machozi yalinitoka, ingawa huenda ilikuwa pilipili.

Maana pilipili ilikuwa imeingia mpaka ndani ya kuta. Mgeni akitia mguu tu alipiga chafya hadi kofia ikaanguka. Wanafunzi peke yao hawakupiga chafya, kwani walikulia humo humo, na Wizara ikaandika katika taarifa yake kwamba watu hawa wana pua zisizo na adabu mbele ya wakubwa.

Siku ya ufunguzi alikuja Mheshimiwa Waziri Kilindo mwenyewe pamoja na mabalozi wa zile nchi zinazotukopesha. Alisimama juu ya gunia, akapanua mikono.

"Ndugu zangu wapya!" alisema. "Jana mlikuwa mali. Leo ninyi ni... hachii!... watu! Na nyumba ya mtu huru ni kitu kitukufu. Nyumba yenye mlango ni milki. Asiyekaribishwa haingii, hata awe nani!"

Mabalozi walipiga makofi. Makofi yalimwingia Mheshimiwa, akarudia, "Hata awe nani!" Wakapiga tena. Kichwa kikamvimba, akaamuru maneno hayo, kuanzia *nyumba yenye mlango*, yaandikwe palepale ukutani kwa rangi nyekundu, herufi zenye kimo cha mbuzi, yasifutwe milele. Yakaandikwa juu ya uwazi wa kuingilia, ndani na nje. Nasema uwazi kwa sababu mlango ulikuwa haujafika. Wizara ilikuwa imeleta kufuli kwanza, kubwa, la shaba, na mlango ukapangwa katika awamu nyingine.

Kabla ya kuondoka Mheshimiwa alieleza utaratibu mdogo tu wa dhamana. Kila mwanafunzi alitakiwa kumwacha ndugu yake mmoja nyumbani kwa Bwana Ghalibu, ili Serikali iwe na hakika kwamba mwanafunzi hatautumia uhuru vibaya. Baada ya masika angekuja yeye Mheshimiwa kufanya mtihani. Watakaofaulu watapewa ndugu zao. Watakaofeli watarudi kwa Bwana Ghalibu kwa masomo ya marudio, na masomo hayo ya marudio hayakuwekewa mwisho, kwa sababu Serikali haipendi kumkatisha mtu masomo.

Bi Rehani, mwanamke wa makamo aliyekuwa akichambua pilipili tangu ajue kukaa, alimwacha mama yake mzazi, Bi Tufaha. Hakuwa na ndugu mwingine. Nyumba ya Bwana Ghalibu iko ng'ambo ya kijito tu, na kutoka darasani tulikuwa tukimsikia bibi kizee akitwanga pilipili na kukohoa. Bi Rehani alikuwa akiinua kichwa. "Mama huyo," alikuwa akisema, kisha anainama tena. Nakiri kwamba sikupenda kumsikia akisema hivyo.

*

Mwalimu alikuwa binti mmoja wa mjini, Mwalimu Salha. Kazi hii aliiomba mwenyewe, na kwa sababu hiyo Wizara ilimtilia shaka tangu mwanzo. Alikuja na sanduku la vitabu. Nilimwambia kwa upole kwamba vitabu havimo katika hatua ya kwanza.

"Kwani hatua ya kwanza wanasoma nini, Bwana Mwangalizi?"

"Kukaa," nikamjibu. "Kukaa, Kushukuru na Kuchagua."

Kukaa kulikwenda vizuri. Kushukuru walikuwa wakikujua tayari. Kuchagua ndiko kulikoleta taabu. Mpishi wa Wizara aliweka mbele yao bakuli mbili za uji, na mwanafunzi alitakiwa achague. Mzee Feruzi, aliyekuwa mpagazi wa magunia, alitazama bakuli ya kulia, akatazama ya kushoto.

"Tofauti yake nini?" akauliza.

"Hakuna tofauti."

"Nikikataa zote mbili?"

Mpishi alikodoa macho, akakimbia kuniita. Nikaeleza kwamba kukataa ni somo la hatua ya nne, na kwamba wapo mawaziri ambao hawajalifikia. Mzee Feruzi alikunywa bakuli zote mbili, jambo ambalo pia halikuwa katika mtaala.

Kisha akaja mkaguzi kuwapima. Alisimama kwenye uwazi, akapiga kelele, "Simameni!" Wakasimama wote. Akatikisa kichwa kwa huzuni: wamefeli, bado wanatii wakiamrishwa, huo ni utumwa. Juma lililofuata akarudi. "Simameni!" Wakabaki wamekaa. Akatikisa kichwa kwa huzuni zaidi: wamefeli, sasa wana kiburi.

"Basi bwana mkubwa tuambie," alisema Bi Rehani. "Tusimame au tukae?"

"Mtu huru asingeuliza," akajibu mkaguzi, akapiga chafya, akaenda zake.

Usiku ule Bi Rehani hakula. Mwalimu Salha nami tulimkuta amekaa kwenye uwazi, anatazama ng'ambo ya kijito. "Mwalimu," alisema, "mimi sijali nikifeli. Nimezoea. Lakini mama yangu kifua kimekwisha, na ule mchi hawampumzishi. Nataka afie mahali ambapo hakuna mtu wa kumwita." Mwalimu alinitazama mimi. Mimi nilitazama dari, kwa kuwa dari nayo ilikuwa katika eneo langu la uangalizi.

*

Vitabu vilikuwa marufuku, lakini maneno ya Mheshimiwa Waziri hayawezi kuwa marufuku katika nchi yetu. Kwa hiyo Mwalimu Salha akageuza benchi zitazame ukuta, akaanza kuwafundisha kusoma kwa yale maandishi mekundu. Nilifikiri kumzuia, lakini ningemzuiaje mtu asiyasome maneno ya Mheshimiwa? Walianza na N ya nyumba. Wakaenda hivyo hivyo, herufi baada ya herufi, mpaka hata Mzee Feruzi akaweza kuusoma mstari mzima kwa sauti ya kuhutubia.

Siku moja Bi Rehani aliinua mkono.

"Mwalimu, hapa mwisho pameandikwa *hata awe nani*. Huyo nani ndiye nani?"

"Yeyote."

"Hata Bwana Ghalibu?"

"Yeyote, Bi Rehani."

"Hata Waziri aliyeyasema?"

Darasa zima likanigeukia. Nami nikarudi kwenye dari yangu.

Wakati huohuo pilipili zilikuwa zimeiva, na Bwana Ghalibu akaanza kuingia darasani na wanyapara wake wakati wowote anaotaka. Hakugonga wala kusalimia. Alikuwa akipita kati ya benchi akionyesha kwa fimbo, wewe, wewe na wewe, na nusu ya darasa ilikuwa ikipelekwa shambani kwa kile alichokiita mazoezi ya vitendo. Alimchukua mtu katikati ya sentensi. Jioni walirudi mikono inawaka, hawawezi kushika chaki.

Mwalimu Salha alinishinikiza mpaka nikaenda mji mkuu kumweleza Mheshimiwa. Alinisikiliza akiwa anapimwa koti.

"Je, lile jengo lina mlango?" akauliza.

"Halina, Mheshimiwa. Lina kufuli tu."

"Basi tatizo liko wapi? Jengo lisilo na mlango ni njia. Njiani kila mtu hupita. Bwana Ghalibu anapita."

Nilirudi na jibu hilo nikiwa nimefurahi, maana ni mara chache jibu la Serikali linakuwa fupi vile. Mwalimu Salha aligeuka akautazama ule uwazi. Halafu akauliza polepole, "Kwa hiyo, ukiwapo mlango?"

"Sheria iko ukutani, Mwalimu," nikasema. "Mimi ni mwangalizi tu."

Wakaanza siku ileile. Nyuma ya ghala kulikuwa na uchanja wa kuanikia pilipili, wakaung'oa mbao. Misumari waliinyoosha kwa jiwe. Bawaba walizikata kutoka katika kiatu cha mnyapara kilichonasa matopeni zamani, ngozi nzito ya ng'ombe. Mlango ulikuwa umepinda, unanuka pilipili, na ulilia kila ulipofunguliwa, lakini ulifungika. Kwa ndani wakatia komeo, na kufuli la Wizara wakalitundika juu yake kwa heshima.

*

Kisha likatokea jambo la ajabu. Mwalimu Salha alitoka nje, akaufunga mlango nyuma yake, akapiga hodi.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Darasa zima lilisimama ghafla. Wanaume wakaitika, "Naam, bwana!" Wanawake wakaitika, "Labeka!" Mmoja alikwisha kuchukua kapu. Mzee Feruzi alikuwa ameinama tayari kupokea gunia mgongoni.

Mwalimu alifungua mlango akawakuta hivyo. Hakucheka. Alikaa kwenye benchi akafunika uso kwa mtandio wake, kisha akafuta macho akaanza upya.

"Hamkuitwa," alisema. "Mliombwa. Anayepiga hodi anaomba, na wenye nyumba ni ninyi. Mkimtaka mnasema karibu. Msipomtaka mnanyamaza. Akipiga hodi ya tatu asipojibiwa, anakwenda zake. Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wote."

"Watu wote?" aliuliza Bi Rehani. "Mimi tangu nizaliwe sijapigiwa hodi. Nilidhani ni desturi ya watu wenye mazulia."

Wakafanya mazoezi. Ile *karibu* waliimudu upesi. Waliipenda mno, wakawa wanamkaribisha hata mbuzi. Kilichowashinda ni kunyamaza. Mtu akipiga hodi nje, ulimi wa mtu wa ndani ulikuwa ukiruka wenyewe, labeka! Waliuma vidole, waliuma nguo. Bi Rehani aliweka punje ya pilipili juu ya ulimi ili asiweze kusema. Mimi niliyezaliwa huru, nikiwa na cheo na kofia, nilijaribu kukaa kimya ilipoigizwa sauti ya Mheshimiwa, nikajikuta nimesimama wa kwanza. Walinicheka sana, na kwa sababu nisiyoielewa sikukasirika.

*

Siku ya mtihani mvua ilitishia, kwa hiyo wakaja na bendera ya mvua. Mheshimiwa Waziri alikuwa mbele katika koti lake jipya. Nyuma yake mabalozi chini ya miavuli, kisha Bwana Ghalibu na nishani kifuani, na mwisho kabisa wale ndugu wa dhamana, wamepangwa mstari, ili mabalozi waone jinsi Serikali inavyotunza vitu vya watu. Bi Tufaha alikuwa miongoni mwao, mdogo, mweupe kichwani, mchi bado mkononi, maana hakuna aliyemwambia auweke chini.

Niliwapokea njiani, tukakuta mlango umefungwa.

Mheshimiwa alisimama akaungojea ufunguke, kwa kuwa milango yote aliyoizoea hufunguka yenyewe akikaribia. Haukufunguka. "Fungueni!" akapaza sauti. Kimya. "Wamekufa?" akaniuliza. Nikamwambia la, wamo. Bwana Ghalibu alisogea mbele akaweka bega, lakini balozi mmoja mrefu aliinua kidole, akasoma ukutani taratibu, kwa lafudhi yake: "Asiyekaribishwa... haingii... hata awe nani." Akamgeukia Mheshimiwa akitabasamu. "Sheria nzuri sana. Tunaona inafanya kazi."

Mheshimiwa alimshika Bwana Ghalibu mkono. "Ondoa bega," akamnong'oneza. "Watu wa mikopo wanaangalia." Kisha akaniambia mimi, "Wewe. Piga hodi kwa niaba yangu."

Nikapiga hodi.

"Nani?" ilisikika sauti ya Mzee Feruzi.

"Mwangalizi."

"Karibu, Mwangalizi!"

Komeo likavutwa, mlango ukalia, nikaingia, na kabla Mheshimiwa hajainua mguu ukafungwa tena. Kumbe hodi haipigwi kwa niaba. Nilisimama katikati ya darasa nikisubiri kuelekezwa pa kukaa. "Kaa popote," alisema Mwalimu Salha, na nilichukua muda mrefu kupaona popote.

Nje palikuwa na manong'ono. Kisha nikasikia kikohozi, karibu kabisa na mlango. Bi Rehani aliinuka akashika benchi.

"Hodi," ilisema sauti ndogo ya kikongwe, kama ya mtu anayejaribu nguo ya mwenzake. "Hodi wenyewe?"

"Karibu!" alilia Bi Rehani. "Karibu mama! Karibu ndani mama yangu!"

Bi Tufaha akaingia na mchi wake. Nikachungulia kwenye ufa wa mbao. Wale ndugu wengine walikuwa wametazamana, na sasa mstari ulikuwa ukisogea. Hodi! Karibu! Kaka yake Feruzi akaingia. Hodi! Karibu! Wake, waume, shangazi. Bwana Ghalibu alitaka kuwazuia, lakini mabalozi walikuwa wakipiga makofi kwa kila mmoja, na Mheshimiwa hakuweza kusikia makofi bila kuinama kidogo kushukuru. Mlango ulilia na kufungwa, ukalia na kufungwa, mpaka nje hapakubaki dhamana ya mtu yeyote.

Hapo Mheshimiwa Waziri Kilindo alisogea mwenyewe. Nilimwona kupitia ufa. Alikohoa, akarekebisha koti.

"Hodi," alisema kwa sauti ya kuhutubia.

Hakuna aliyejibu. Mzee Feruzi alikuwa ameuma kofia yake.

"Hodi!" Safari hii alisema kwa hasira. Wanawake wameshikana mikono, macho yamefumbwa. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye benchi, nimelikalia kwa nguvu zangu zote.

Mvua ikaanza. Ya tatu ilitoka ndogo, ya mtu aliyelowa. "Hodi, jamani."

Bi Tufaha akafumbua mdomo. Nilimwona. Maisha yake yote yalikuwa yakipanda kooni kuitika. Bi Rehani alimwekea kiganja mdomoni taratibu, akamvuta kifuani.

"Nyamaza, mama," alimnong'oneza. "Si lazima."

Mvua ilipiga paa. Baadaye tukamsikia Mheshimiwa akiwaambia mabalozi kwa sauti kubwa kwamba huo ndio uliokuwa mtihani, kwamba yeye ndiye aliyeutunga, na kwamba wote wamefaulu. Makofi yakapigwa. Kisha zikasikika nyayo zikiondoka matopeni.

Bi Tufaha alikohoa. Akautazama mlango.

"Kaondoka?" akauliza.

"Kaondoka, mama."

"Bila kunichukua?"

"Bila kukuchukua."

Kikongwe alifikiri juu ya hilo. Halafu akauweka mchi chini.